Karatasi Nne na Mtamba wa Gashoho

Butihinda, jioni

Odeta mwanangu,

Salamu tuziruke. Mchana tumekula sahani moja, na sasa hivi uko kwa majirani unaaga, kicheko chako nakisikia mpaka hapa jikoni. Kesho asubuhi unapanda gari ya Gitega. Barua hii nitaichomeka katikati ya mashuka yako, uikute ukishafika, maana ukiisoma hapa tutagombana, na mimi sitaki uondoke tumenuniana.

Sitakuambia habari za kufunga mlango, wala za kuchemsha maji, wala za wanaume. Umri huo umeupita, na mengine ni wewe uliyenifundisha. Nataka kukujibu lile la Jumapili.

Jumapili tukitoka kanisani uliniambia niuze shamba la bondeni. Ulisema ile sosiete ya kahawa iliyokuajiri Gitega inawauzia wafanyakazi wake hisa, wenzako wote wananunua, na asiyenunua sasa atakuja kulia. "Mama," ukasema, "bonde lile linatupa maharage tu. Hisa zinazaa hata ukilala." Nikanyamaza. Ukadhani nimekubali, na jana ukamleta mnunuzi akalipima shamba kwa miguu yake, huku mimi namtazama kutoka mlangoni. Kesho, wewe ukiwa njiani, atakuja na pesa. Basi ujue sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa hasira, na hasira yenyewe wala si yako yote. Nyingine ni ya zamani kuliko akili yako.

Unajua kwamba sisi nasi tuliwahi kuwa na hisa. Unaijua kama hadithi ya kuchekesha, kwa sababu baba yako ndivyo alivyokuwa akiisimulia wageni wakija. Leo nakusimulia mimi, na sichekeshi.

Nilivuka mpaka kwenda Tanzania nikiwa mgongoni kwa mama yangu, nikarudi na wewe mgongoni kwangu. Kila ninachokijua nilikipata katikati hapo, hata Kiswahili hiki ambacho watu wa Muyinga walikuwa wakinicheka nacho sokoni: "Sikilizeni, Mutanzania iko anasoma redio!" Tulipofika, mlima wa babu yako tukaukuta una watu. Sisemi walikuwa wezi. Walikuta patupu, wakalima, wakazaa, wakazika watoto wao pale. Wazee wakakaa na viongozi wa komini, wakaukata katikati. Huku juu kwenye kahawa, nusu yetu nusu yao. Chini, tukapewa kipande hiki cha bondeni unachokiita cha maharage tu. Walipomaliza kukata wakasema amani imekuja, watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Mtu anakatiwa nusu ya kilicho chake, naye anapiga makofi! Tulikuwa tumechoka, Odeta.

Hata mwezi haujaisha, akaja mtu kutoka Gashoho, kwa miguu, anavuta mtamba mwekundu kwa kamba. Akasimama uani akaniuliza, "Wewe ndiye binti wa Petero?"

"Ndiye mimi."

"Basi huyu ni wenu. Bibi wa bibi yake aliachwa kwetu na baba yako."

Jina lake Gabrieli. Baba yangu na baba yake walikuwa marafiki, na baba yangu alikuwa na tabia ya watu wa zamani: ng'ombe wake hakuwaweka zizi moja. Warundi wanaita kuragiza. Unampa rafiki wa mlima mwingine ng'ombe amchunge. Maziwa yake, mbolea yake, ng'ombe ni wako. Wengine alikuwa nao hapa Butihinda, wengine ng'ambo ya mto, mmoja Gashoho. Kambini nilikuwa nikimsikia mama akimlaumu: "Ungewaweka wote hapa, tungetoka nao pamoja." Naye anajibu, "Tungetoka nao pamoja, tungepotea nao pamoja." Wa hapa waliliwa. Wa ng'ambo walikufa. Wa Gashoho alizaa, mzao wake akazaa, na vita vilipopita juu ya watu wale, na njaa nyuma ya vita, hawakumchinja. Nani angewadai? Babu yako alikuwa ameshazikwa kambini. Wangeweza kukaa kimya, na mimi leo nisingejua hata kwamba nimeibiwa.

Gabrieli hakutaka chochote. Alikunywa uji, akasema neno moja tu: ndama jike wa kwanza atakayezaliwa arudi kwao Gashoho, ili njia kati yetu isiote nyasi. Baba yako akamsindikiza mpaka barabara kubwa. Mimi nilibaki nimemkumbatia yule mnyama shingoni, nalia kama mtoto.

Lakini kulia si kujifunza.

Mwaka uliofuata akaja Direkta. Alikuwa mtu wa kambini kwetu, tulimwita Direkta hata kabla hajapata kitu cha kuongoza, kwa sababu ya viatu vyake tu. Alikuwa amefungua mashine ya kusaga Muyinga mjini. Akaja kwenye maombi yetu ya Alhamisi, maombi ya sisi tuliorudi, akatuuzia hisa. Mwenyewe akiziita aksiyo. Alituuzia sisi tu. "Hawa waliobaki hawatupendi," akasema. "Pesa ya kwetu ikae kwetu." Na sisi tuliokatiwa milima neno hilo lilituingia mpaka kwenye mifupa. Tukaona hapa sasa tumepata wa kwetu.

Baba yako alitaka tuweke kidogo kwenye mashine, basi. "Mshika mbili moja humponyoka," akaniambia. Nikamcheka! Nilikuwa nimesikia redioni bwana mmoja akieleza kwamba mwenye akili hanunui hisa za mahali pamoja, anagawa, ili moja ikianguka nyingine zimbebe. Na Direkta hakuwa na mashine peke yake. Alikuwa na sosiete ya pili ya lori, ya tatu ya ghala, ya nne ya duka la unga. Nikamwambia baba yako usiwe mshamba, tununue zote nne. Akanitazama akasema, "Kumbe nimeoa benki."

Kununua nne kulitaka pesa kubwa kuliko tuliyokuwa nayo. Tukauza mtamba. Mimi ndiye niliyesema tumuuze, usimsingizie marehemu. Na alikuwa na mimba.

Nikapewa karatasi nne, kila moja na rangi yake na muhuri wake. Wee! Nilizitandaza kitandani nikaziangalia kama nguo za harusi. Nilijiona mjanja kuliko wenzangu wote wa maombi, maana wengi wao walikuwa na moja tu. Nikawa nawafundisha. Naona aibu kukuandikia hili, lakini ni kweli: nilikuwa nawafundisha, nao wakanisikiliza, wakaenda kuongeza.

Halafu msimu mmoja ng'ambo, Tanzania, wakazuia mahindi yasivuke mpaka. Habari ikafika huku kwamba mashine imesimama. Mimi sikushtuka sana. Nikasema moyoni, moja imeanguka, tatu zitanibeba, si ndivyo alivyosema yule bwana wa redio? Nikashuka Muyinga na karatasi zangu. Ofisi zote nne za Direkta zilikuwa milango minne ya jengo moja. Nilikuwa nimeiona mara nyingi nikadhani ni utaratibu mzuri. Mlango wa kwanza, mashine, kufuli. Nikaenda wa pili, wa lori. Kijana akaniambia, "Lori iko imelala, mama. Ilikuwa inabeba mahindi, na mahindi haivuki." Wa tatu, ghala: tupu, panya tu, kwani ndani yake kulikuwa kunawekwa nini? Mahindi. Wa nne, duka. Msichana alikuwa anauza sabuni. "Unga umeisha," akasema, "tulikuwa tunauza wa mashine."

Nilikaa pale barazani, na nikaelewa peke yangu, bila redio. Nilidhani nimeshika vinne. Nilikuwa nimeshika mikia minne ya mnyama mmoja. Direkta mwenyewe alikuwa ameshaondoka, na mpaka leo sijui kama alikimbia kwa wizi au kwa aibu. Zamani nilitaka sana kujua. Siku hizi naona hata angekuwa malaika, mahindi yasingevuka.

Sikiliza sasa ubaya wake hasa, ule ambao baba yako hakuwa akiusimulia. Nilirudi nyumbani hatuna kitu, wewe una homa. Nikaenda kwa mwenzangu wa maombi kukopa. Naye alikuwa na karatasi. Nikaenda kwa wa pili, karatasi. Mlima mzima, kila nyumba niliyokuwa na ujasiri wa kuingia ilikuwa imenunua kwa Direkta, wengine kwa mdomo wangu. Hata chumvi hapakuwa na wa kumkopa. Tulikuwa tumeweka pesa zetu pamoja, na shida zetu pamoja, na majirani zetu pamoja, humohumo. Mama mmoja alinifungulia mlango, akanitazama, akaufunga polepole. Alikuwa na haki.

Aliyenisaidia ni Mama Zubeda, yule mshonaji wa Muyinga aliyekushonea gauni la komunyo. Mwislamu, mtu wa mjini, mmoja wa "hawa waliobaki" ambao eti hawatupendi. Kumbe naye alikuwa amenunua karatasi moja, kwa jina la mpwa wake aliyerudi kutoka kambini. Amepoteza, na hakuwa analia. Ana cherehani, ana chumba anachopangisha, ana mawese anayouza ndugu yake Gitega. "Ile imekufa iko imekufa, Mama Odeta," akaniambia huku ananihesabia pesa za dawa. "Ingine iko inapumua. Nenda utibishe mtoto." Nilichukua zile pesa na nilimchukia, Mungu anisamehe, kwa sababu ya utulivu wake.

Tulikula nini mwaka ule? Mahindi ya juu yalikauka na kahawa ilikuwa imepewa bei ya kutukana. Tulikula bondeni. Chini kule udongo unashika maji hata mvua ikigoma. Mama yangu, aliyerudi nasi, alikuwa amepanda kienyeji chake, maharage, viazi vitamu, magimbi, migomba pembeni, kila kitu kimeingiliana, na mimi nilikuwa nikimwambia kwamba shamba lake linaonekana kama kichwa ambacho hakijasukwa. Maharage hayo ndiyo yaliyokulisha. Ndiyo yaliyokulipia ada ya Mushasha, miaka yote ile uliyokaa shuleni Gitega ukiandika kwamba unaona haya kuletewa gunia wakati wenzako wanaletewa pesa. Maharage tu!

Baba yako hakuwahi kunipigia kelele. Alifanya vibaya zaidi, alinitania. Akiona ng'ombe wa watu barabarani ananigeukia: "Mama Odeta, huyu ni karatasi ya ngapi?" Watu wanacheka, na mimi nacheka, halafu naenda kuchota maji ambayo hatuyahitaji. Miaka mingapi nimesikia swali hilo! Hata alipokuwa anaumwa, tumemtoa nje aote jua, likapita kundi la jirani. Akaninyooshea kidole, kucheka hakuwezi tena, lakini nilijua anachouliza. Nikamjibu, "Ya tatu." Akafurahi. Nilikuwa nimemkasirikia mpaka siku ile, na siku ile ikaisha.

Gabrieli yeye hakunitania. Alikuja mwaka mmoja baada ya kuuza, kuuliza kama mtamba amezaa. Nilimweleza yote, uani, nimesimama. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sisi tulimlinda wakati wa vita," akasema, "ninyi mmemuuza wakati wa amani." Uji hakunywa. Baba yako alitaka kumsindikiza, naye akamwambia njia anaijua.

Sasa turudi kwako. Usinielewe vibaya, sikukatazi hisa. Hisa hazikunila, nilijila mwenyewe kwa tamaa na kiburi cha nusu akili. Nakuuliza tu ninavyojiuliza mimi tangu pale barazani. Mshahara wako utatoka wapi? Kwenye kahawa. Hizo hisa, zinakula nini ili zizae hata ukilala? Kahawa. Na mimi huku mlimani, nusu yangu ya shamba la juu ina nini? Kahawa, na wanaoinunua ni hao hao wa kwako. Wenzako utakaokula nao, utakaowakimbilia ukiugua, pesa yao iko wapi? Kahawa ikishikwa na ugonjwa, au wazungu wakikataa bei, utapoteza kazi na akiba siku moja, utapiga simu nyumbani, na nyumbani nako nitakuwa nimekaa nakungoja wewe unisaidie. Kitu pekee katika ukoo wetu ambacho hakijui kahawa ni nini ni lile bonde.

Ukifika nunua hizo za kahawa, kidogo, kwa heshima ya wanaokupa kazi, na uzihesabu kwamba zimeshapotea. Halafu tafuta kitu kingine ambacho kahawa ikianguka, chenyewe hakina habari. Sijui ni kipi, Gitega ya sasa siijui, wewe ndiye uliyesoma. Benki, nyumba, cherehani, hata mawese. Ukiambiwa hivi ni vitu vitano tofauti, uliza vinakula nini, vyote vitano. Na tafuta rafiki mmoja nje ya ofisi hiyo, mtu asiyefanana na wewe hata kwa dini. Mimi nilimpata kwa kuchelewa, na kwa kumchukia kwanza.

Kuna jambo la mwisho, na hili hulijui.

Juma lililopita uliniona narudi jioni na yule mtamba mweusi niliyemnunua kwa pesa ya maharage, miguu imejaa vumbi. Uliniuliza, "Mama, umekwenda kumuuza, umekosa mnunuzi?" Nikakuambia ndiyo. Nilikudanganya. Nilikuwa nimempeleka Gashoho. Nilisema, mwanangu anaondoka, nimpe mlima wa pili kama baba yangu alivyonipa mimi. Niwaachie Gabrieli na wanawe wamchunge kwa jina lako, kisha wachague ndama wa kwanza, na wa pili wakitaka.

Gabrieli amezeeka, lakini alinijua nikiwa bado mbali. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akaleta ndizi. Nikamweleza nilichokijia. Akamtazama yule mtamba, akampapasa mgongo, akasema ni mzuri. Halafu akasema, "Njia imeota nyasi, mama. Mpeleke pengine." Si kwa hasira. Angekuwa na hasira ningemwomba. Nilifungua kamba nikaanza kurudi, na wanawe wakanitazama mpaka nikapinda kona.

Ndipo nilipojua nilichouza mwaka ule. Nilidhani nimeuza ng'ombe. Niliuza Gashoho nzima, mlango ambao baba yangu aliniachia wazi kabla sijaota meno, na hakuna karatasi ya rangi yoyote inayoweza kuurudisha. Wewe utaishi na mlima mmoja tu kwa sababu yangu. Sina cha kukupa badala yake isipokuwa hicho kipande cha chini.

Kwa hiyo kesho mnunuzi akija nitampa uji, nitamwambia pole kwa usumbufu, na pesa yake atarudi nayo. Bonde siuzi. Najua utakasirika. Utasema mama yako mwoga, mama yako amekunyima mwanzo, na wenzako watanunua wewe ukitazama, na huenda zikapanda kweli, nami nitaonekana mjinga mara ya pili. Kasirika, mwanangu. Usinipigie simu hata miezi, ukipenda. Lakini kasirika ukiwa na pa kurudi.

Mama yako